Mnyama Asiye na Dhambi: Kimeta, Damu na Swali la Adhabu

Fikra kwamba mateso ni malipo ya kosa ni miongoni mwa fikra kongwe kabisa katika historia ya dini, na nguvu yake haitokani na vitabu peke yake, kwa kuwa binadamu anapopatwa na msiba hutaka kwanza kujua sababu, na anapoikosa sababu hutafuta mkosaji. Fikra hiyo hukutana na kizuizi kigumu pale mgonjwa anapokuwa mnyama. Ng'ombe hakula kiapo akakivunja, nyumbu hakuabudu sanamu, na swala hakumdhulumu yatima. Hata hivyo wote hao huugua na kufa kwa maumivu, na wengi wao huuawa na vijidudu vinavyoingia katika damu, ambayo Torati imeihesabu kuwa ndiyo makao ya uhai. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: ikiwa mnyama hana dhambi, maradhi yaliyomo katika damu yake yana maana gani kwa mtu anayeamini kwamba ulimwengu una Muumba mwenye haki? Jibu litakalotetewa ni kwamba maradhi hayo hayawezi kusomwa kama hukumu juu ya mnyama wala juu ya mwenye mnyama, na kwamba hatia ikishaondolewa mahali isipostahili, ndipo unapoonekana wajibu ambao hatia hiyo ilikuwa imeufunika.

Mfano unaofaa zaidi kwa uchunguzi huu ni kimeta, ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis, ambao huwashambulia hasa wanyama walao majani, wa kufugwa na wa porini, na kumfikia binadamu kupitia kwao. Bakteria ni kiumbe cha seli moja kisichoonekana bila hadubini, na huyu wa kimeta ana uwezo wa kujigeuza kuwa spora, yaani umbo dogo lililojifunga ndani ya ganda gumu, ambalo halili wala halikui, lakini linaweza kukaa udongoni kwa miongo mingi bila kufa. Mnyama anayekula majani mafupi ya kiangazi humeza spora pamoja na udongo. Ndani ya mwili wake spora huamka na kufika kwenye tezi za limfu, ambazo kazi yake ni kuchuja majimaji ya mwili na kuzuia uvamizi, na kutoka huko bakteria humiminika katika damu na kuzaana hadi kufikia mamilioni mengi katika kila mililita. Utando unaowazunguka huzizuia chembe nyeupe za damu zisiwameze, na sumu wanazozitoa huvujisha mishipa na kuiporomosha nguvu ya mzunguko wa damu. Mnyama aliyeonekana mzima asubuhi anaweza kuwa amekufa kabla ya jua kutua, na mzoga wake huvimba upesi, mara nyingi haukakamai kama mizoga mingine, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na katika njia ya haja kubwa.

Mzoga ukibaki haujapasuliwa, bakteria waliomo ndani hushindwa na vijidudu vya uozo na kufa katika muda wa siku chache, lakini damu inapomwagika na kukutana na hewa, bakteria hao hugeuka spora na kuingia udongoni kumngoja mnyama mwingine. Kwa hiyo kimeta huishi kwa kuua, na njia yake kuu ya kutoka katika mwili mmoja kwenda katika mwingine ni damu iliyomwagwa. Jambo hili ni la kibiolojia, lakini linagusa moja kwa moja sheria za dini kuhusu damu na mizoga.

Jibu la kwanza ambalo mapokeo ya dini yamelitoa kuhusu maradhi ya mifugo ni kwamba mnyama huugua kwa sababu ya kosa la binadamu. Kitabu cha Kutoka kinasimulia pigo la tano lililoiua mifugo ya Wamisri na kuiacha ya Waisraeli, na pigo la sita la majipu yaliyowapata watu na wanyama kwa pamoja. Baadhi ya wasomi wa nyakati za karibuni wamedhani kwamba mapigo hayo yalikuwa kimeta, ingawa andiko lenyewe halitoi jina la ugonjwa. Katika simulizi hiyo ng'ombe anahesabiwa kama sehemu ya mali ya Farao, na kifo chake ni hasara anayotozwa mwenye mali kwa ukaidi wake. Hoja hiyo inaeleweka mradi mnyama atazamwe kwa jicho la mwenye mali tu. Mara anapotazamwa kama kiumbe chenye uhai na uchungu wake mwenyewe, hoja inagongana na kanuni nyingine iliyo ndani ya dini zilezile, kwa maana Kurani inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na nabii Ezekieli anafundisha kwamba mwana hataadhibiwa kwa uovu wa baba. Ikiwa mwana hastahili kuubeba uovu wa aliyemzaa, ni vigumu kuona ni kwa haki gani ndama aubebe uovu wa anayemmiliki.

Historia ya Ufaransa inaonyesha jinsi fasiri ya laana inavyoweza kusimama kwa vizazi kisha ikaporomoka. Katika nyanda za Beauce, kusini-magharibi ya Paris, palikuwa na mashamba ambayo kondoo waliolishwa humo walikufa mwaka baada ya mwaka, na wakulima wakayaita mashamba yaliyolaaniwa, kwa kuwa hawakuona tofauti kati ya majani yake na majani ya mashamba ya jirani. Mwaka 1876 Robert Koch, aliyekuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein uliokuwa chini ya Ujerumani, alionyesha mzunguko mzima wa maisha ya bakteria wa kimeta na namna anavyogeuka spora. Louis Pasteur na wenzake walipochunguza mashamba ya Ufaransa waligundua kwamba sehemu zilizoogopwa ndizo zilizozikwa mizoga ya wanyama waliokufa kwa ugonjwa huohuo, na Pasteur alieleza kwamba minyoo ya ardhini ndiyo iliyozirudisha spora juu ya udongo. Mwezi Mei 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe sita walichanjwa, kisha wao pamoja na kundi jingine lisilochanjwa wakadungwa bakteria wenye nguvu kamili. Tarehe 2 Juni waliofika kushuhudia walikuta kondoo waliochanjwa wako hai, na wasiochanjwa wamekufa au wako katika kukata roho. Kilichokuwa kimesomwa kama ghadhabu ya mbinguni kilikuwa mabaki ya mizoga iliyofukiwa na watu waliotangulia, ambao hawakujua walichokuwa wakikihifadhi ardhini.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba hadubini imelimaliza swali la dini, kwa sababu kueleza jinsi jambo linavyotokea hakuelezi kwa nini ulimwengu umewekwa hivyo. Wanazuoni wa Kiislamu waliikabili tofauti hii mapema kupitia hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, ambamo Mtume Muhammad (S.A.W.) alikanusha imani ya Waarabu wa kale kuhusu uambukizi, na bedui mmoja akamuuliza ni vipi basi ngamia wake wazima walio mchangani hupatwa na upele pindi ngamia mwenye upele anapochanganyika nao. Jibu alilopewa lilikuwa swali: ni nani aliyemwambukiza ngamia wa kwanza? Katika mapokeo hayohayo yamo pia maagizo kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa ngamia wazima. Wanazuoni wengi waliyapatanisha maneno hayo kwa kusema kwamba la kwanza linahusu asili ya mambo yote, ambayo ni Mwenyezi Mungu, na la pili linahusu mwenendo wa mtu katika dunia ya sababu. Lisan al-Din Ibn al-Khatib wa Granada, aliyefariki mwaka 1374 na aliyeishuhudia tauni kubwa ya karne yake, alisisitiza kwamba uambukizi umethibitishwa na uzoefu na hisi, na kwamba dalili ya maandiko inayoonekana kupingana na ushahidi wa macho haina budi kufasiriwa upya. Tauni nayo ni maradhi ya bakteria anayeishi katika damu ya panya na wanyama wengine wagugunaji na kuhamishwa na viroboto, hivyo hoja ya Ibn al-Khatib inaihusu jamii nzima ya maradhi yanayojadiliwa hapa.

Mafunzo ya bedui yule ni mawili na hayapaswi kutenganishwa. Swali la asili linabaki kwa Mungu, na binadamu hana kipimo cha kulijibu. Lakini agizo la kutowachanganya wagonjwa na wazima limewekwa mikononi mwa mwenye mifugo, naye hana ruhusa ya kulikwepa kwa kulisingizia swali la kwanza.

Wanafalsafa na wanatheolojia waliotaka kuitetea haki ya Mungu mbele ya mateso ya wanyama walifuata njia kadhaa. Nicolas Malebranche, padri na mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17, aliyeifuata fikra ya René Descartes kwamba mnyama ni kama mashine isiyo na nafsi, alihoji kwamba chini ya Mungu mwenye haki asiye na hatia hawezi kuteseka, na kwa kuwa wanyama hawana hatia, basi hawahisi maumivu hata kidogo. Hoja hiyo ni nadhifu, lakini inaiokoa kanuni kwa kuukana ushahidi, kwa sababu mfugaji yeyote aliyemwona ng'ombe akitetemeka kwa homa, akihema kwa tabu na kuanguka, anajua kwamba kinachotokea mbele yake si kuharibika kwa mtambo. Kadi Abd al-Jabbar, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Muutazila aliyefariki mwaka 1025, alikubali kwamba wanyama huumia kweli, naye akashikilia kwamba haki ya Mungu inalazimu wapewe fidia katika maisha ya baadaye. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na aliyefuata madhehebu ya Ashari, alikataa kwamba Mungu anaweza kulazimishwa jambo lolote na viumbe vyake, akasema kwamba Mwenye kumiliki vyote hadaiwi. Karne nyingi baadaye mhubiri wa Kiingereza John Wesley, katika mahubiri yake ya mwaka 1781, aliwatarajia wanyama nao wakombolewe na kurejeshewa hali njema kuliko waliyoipoteza.

Tofauti kati ya Abd al-Jabbar na Al-Ghazali ni kubwa, na hakuna mizani ya kibinadamu itakayoimaliza. Jambo la kuzingatiwa ni kile walichokubaliana bila kukibishania, nacho ni kwamba uchungu wa mnyama ni uchungu wa kweli na kwamba mnyama si mkosaji. Anayetaka fidia huitaka kwa sababu aliyeumia hakustahili, na anayesema Mungu hadaiwi fidia hasemi kwamba mnyama ametenda dhambi. Kwa hiyo hata ndani ya ubishi mkali wa kielimu kuhusu uadilifu wa Mungu, tafsiri ya maradhi ya mnyama kama adhabu yake haikuwa na mtetezi upande wowote.

Inabaki kuuliza kama maradhi hayo ni adhabu au onyo kwa binadamu, na hapa wanyama wa porini wana ushahidi mzito kuliko wa zizini. Katika bonde la mto Luangwa nchini Zambia, kimeta kilichozuka mwaka 1987 kinakadiriwa kuua viboko zaidi ya 4,000, na katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, viboko wapatao 300 walikufa katika mlipuko ulioanza mwaka 2004. Viboko hao hawakuwa mali ya mtu, na kabla ya kuwapo wahifadhi na wachunguzi wa mizoga, vifo vya namna hiyo vilitokea mahali pasipo mtu wa kuvitazama. Adhabu, mithili ya barua, huhitaji mtu wa kuipokea na kuielewa, na mateso yasiyomfikia yeyote hayawezi kuitwa ujumbe. Mwanafalsafa wa Marekani William Rowe aliijenga hoja yake mashuhuri ya mwaka 1979 juu ya mtoto wa paa anayeungua katika moto wa msitu bila yeyote kujua, akauliza mateso hayo yanamfaidi nani. Rowe alielekea kuukana uwepo wa Mungu, lakini mwamini naye anaweza kuipokea sehemu ya kwanza ya hoja hiyo bila kuifuata ya mwisho, na kukiri kwamba si kila kinachotokea katika uumbaji kimemlenga binadamu.

Kukiri huko kuna mizizi katika maandiko. Katika kitabu cha Ayubu, mtu aliyepoteza ng'ombe, kondoo, ngamia na watoto, marafiki watatu wanamhakikishia kwamba msiba ni lazima uwe na dhambi nyuma yake, na mwishoni Mungu anawakasirikia marafiki hao kwa kutosema yaliyo sawa. Jibu ambalo Ayubu analipata kutoka katika upepo wa kisulisuli halitaji dhambi wala thawabu. Linamtembeza kwa punda mwitu asiyemtumikia mtu, kwa mbuzi wa majabali anayezaa pasipo mkunga, kwa tai ambaye makinda yake hunywa damu na ambaye hupatikana penye waliouawa, na kwa Behemothi, ambaye wafasiri wengi wamemtambua kuwa ni kiboko. Ulimwengu unaoonyeshwa hapo una wanyama wenye uhusiano wao na Muumba, usiopitia zizi la binadamu. Kurani nayo inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma mbalimbali mfano wa binadamu. Anayeyasadiki hayo hana sababu ya kudhani kwamba kiboko wa Luangwa alikufa ili mtu fulani aonywe.

Sayansi ya damu inaunga mkono unyenyekevu huo kwa namna nyingine, kwa kuwa inaonyesha kwamba si kila bakteria aliye katika damu ni muuaji. Bakteria wa jenasi ya Bartonella huishi ndani ya chembe nyekundu za damu za paka, ng'ombe, na hata simba na duma wa Afrika, mara nyingi bila kuonyesha ugonjwa wowote kwa muda mrefu. Bakteria aitwaye Anaplasma marginale, anayeenezwa na kupe na kuleta ndigana baridi, humdhoofisha ng'ombe mzima hata kumuua, lakini ndama humstahimili vizuri zaidi, na ng'ombe aliyepona hubaki naye kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote, akiwa na kinga. Nyati wa porini humbeba pasipo kuugua. Uhusiano kati ya kijidudu na mwenyeji wake unatofautiana kulingana na umri, mazoea na historia ya viumbe wote wawili. Anayeuona uovu ndani ya bakteria wenyewe analazimika kueleza kwa nini bakteria yuleyule ni janga katika ng'ombe na ni mkaazi asiye na madhara katika nyati. Uovu kwa maana kamili huhitaji nia, na bakteria hana nia.

Mahali nia ilipopatikana katika historia ya kimeta ni kwa binadamu. Mwaka 1942, wakati wa vita, wanasayansi wa serikali ya Uingereza walilipua mabomu ya kimeta katika kisiwa cha Gruinard karibu na pwani ya Scotland ili kupima silaha, na kondoo waliofungwa huko wakafa. Spora zilibaki udongoni, na kisiwa hakikutangazwa kuwa salama hadi mwaka 1990, baada ya kunyunyiziwa dawa mwaka 1986. Hapo mtu anaweza kuzungumza juu ya kosa bila kukosea, kwa sababu palikuwa na akili iliyochagua. Ulinganisho huu unafafanua jambo zima: udongo wa Beauce ulioitwa umelaaniwa haukuwa na kosa ndani yake, ilhali udongo wa Gruinard uliharibiwa kwa makusudi.

Hatia ikishawekwa mahali pake, wajibu huonekana, nao unajitokeza kwa uzito katika sheria za damu na za kibudu, yaani nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Uislamu umeharamisha damu iliyomwagika na mzoga, na Torati imekataza kula damu. Watetezi wa dini hupenda kusema kwamba makatazo hayo yalikuwa elimu ya bakteria kabla ya wakati wake, lakini maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Kumbukumbu la Torati humkataza Mwisraeli kula mnyama aliyekufa mwenyewe na papo hapo kuruhusu nyama hiyo apewe mgeni au auziwe mtu wa nje, jambo linaloonyesha kwamba sheria ilihusu utakatifu wa jamii iliyoagana na Mungu, na haikuwa kanuni ya afya kwa watu wote. Kuifanya ibada kuwa usafi tu ni kuipunguza, na pia ni kujidanganya kuhusu kinga inayotolewa nayo.

Udanganyifu huo una hatari halisi. Kurani imeruhusu mnyama aliyeanguka, aliyepigwa pembe au aliyeshambuliwa na mnyama mkali aliwe endapo atawahiwa kuchinjwa angali hai, na mafakihi wamejadili kwa kina dalili za uhai zinazotosheleza. Mfugaji anayemwona ng'ombe wake akianguka ghafla huweza kukimbilia kisu ili nyama isiwe kibudu, na kwa nia njema kabisa akaifungulia njia damu iliyojaa bakteria, akajipaka mikononi, akaimwaga ardhini, kisha akawagawia majirani. Anayeishika damu hiyo anaweza kupata kidonda chenye gaga jeusi, na anayekula nyama isiyoiva barabara anaweza kupata kimeta cha tumbo, ambacho huua. Uchinjaji umetimizwa na madhara yametimia vilevile. Ndiyo maana kanuni nyingine ya fikihi, inayokataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine, haina budi kusimama pamoja na kanuni ya uchinjaji, na elimu ya daktari wa mifugo kuhusu ng'ombe aliyekufa ghafla ikahesabiwa kuwa sehemu ya kuijua hukumu yenyewe.

Dharura nayo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu sheria ya Kiislamu humruhusu mwenye njaa asiye na njia nyingine kula hata mzoga ili asife, na kaya inayotegemea ng'ombe wawili haitupi nyama kwa wepesi. Kumwambia maskini azike chakula pekee alichonacho, bila kumpa kingine, ni kumwachia yeye peke yake gharama ya usalama wa kijiji kizima. Ikiwa mzoga ulioachwa bila kupasuliwa, ukateketezwa au kufukiwa kina kirefu, unawalinda majirani, mifugo yao na nyumbu wanaolisha katika nyanda zilezile, kama ilivyo Ngorongoro ambako ng'ombe na wanyamapori hushiriki malisho, basi majirani, misikiti, makanisa na serikali wanadaiwa kuufidia mzoga huo. Wanadaiwa pia chanjo: tangu Max Sterne, daktari wa mifugo katika taasisi ya Onderstepoort, Afrika Kusini, alipotengeneza katika miaka ya 1930 chanjo ya bakteria wasio na utando wa kinga, kimeta cha mifugo kimekuwa ugonjwa unaoweza kuzuilika, na chanjo nyingi za wanyama hadi leo zimejengwa juu ya kazi hiyo. Fidia ambayo Abd al-Jabbar aliitarajia kwa wanyama huko akhera haimwondolei binadamu deni lililo ndani ya uwezo wake hapa duniani.

Kwa hiyo mafundisho yanayomhusisha mfugaji aliyefiwa na mifugo na dhambi iliyofichika hayana msingi katika haki, katika Ayubu, wala katika jibu alilopewa bedui, na yanaleta dhara linalopimika. Anayeamini kwamba kifo cha ng'ombe wake ni fedheha atakificha, na anayekificha atachinja usiku, atauza alfajiri, na atazika ngozi mahali ambapo mifugo ya watoto wake italisha. Anayeambiwa na imamu, padri au mchungaji wake kwamba mnyama hakutenda kosa na mwenye mnyama hakulaaniwa anaweza kutangaza kifo hicho mchana na kuomba msaada. Swali la ngamia wa kwanza litaendelea kuwa la Mungu; la ngamia wa pili ni la jamii, na viongozi wa dini wana sehemu katika kulijibu kila wanapochagua la kusema juu ya mzoga.